Kipa Aliyefungwa na Mjomba Wake

Je, msomaji, umewahi kusimama nyuma ya lango la mpira wa magongo wakati mechi imeishia sare na ni lazima timu moja ifunge virago? Kama hujawahi, basi usiende kabla hujajua una moyo wa namna gani. Mimi nilienda nikidhani wangu naujua.

Katika kandanda penalti ni jambo la kufumba na kufumbua. Mpira unawekwa, mpigaji anarudi nyuma hatua nne, anapiga, basi. Hoki ina mateso yake. Mshambulizi anaanzia mita 23 kutoka langoni, filimbi inalia, na kuanzia hapo ana sekunde nane za kufanya atakalo. Anaweza kukimbia, kuzunguka, kurudi nyuma, kudanganya kushoto akaenda kulia. Kipa naye anatoka langoni kumkabili, amevaa mapedi mazito miguuni na kofia yenye vyuma usoni, mfano wa mtu aliyetumwa kurina asali mchana. Watano wa upande huu, watano wa upande ule. Sekunde nane hazitoshi hata kufunga kamba za viatu, lakini jaribu kuzihesabu ukiwa umeshikilia ua wa uwanja na mtoto wa dada yako ndiye aliye langoni!

Mimi ni mkazi wa Kitale, mji wa mahindi na magunia, ambapo wakati wa mavuno hata mazungumzo ya mpira hukatizwa na bei ya gunia. Dada yangu aliolewa Bungoma. Kati yetu na wao ni safari ya matatu kupitia Kiminini na Kamukuywa, safari fupi ambayo kuku wa sikukuu huweza kusafirishwa akiwa hai na akafika bila malalamiko. Hata hivyo, katika michezo ya shule sisi ni watu wa nchi mbili. Kitale iko katika eneo la Bonde la Ufa, Bungoma katika eneo la Magharibi, na kwa hiyo timu zetu, ingawa zimepakana, haziwezi kukutana mpaka kila mmoja awe amewamaliza wa kwao na kufika mashindano ya kitaifa.

Hapo ndipo mambo hunoga. Sisi tuna St. Anthony's, vijana wanaoitwa Solidarity, ambao wengi wenu mnawajua kwa kandanda ilhali magongo pia wanayajua vyema. Wao wana Friends School Kamusinga, kule karibu na Kimilili, shule iliyoanzishwa na Marafiki, yaani Waquaker, ambayo imewahi kuvikwa taji la hoki la kitaifa na hata la Afrika Mashariki. Shemeji yangu akitaka kunitoa mezani kabla sijamaliza ugali, hunikumbusha Kamusinga.

MCHEZO ULIOHAMA

Huenda ukajiuliza hoki ilifikaje huku kwenye mashamba ya mahindi. Kizazi cha babu zetu kiliijua kama mchezo wa Wahindi wa Nairobi, na kwa kweli hao ndio walioijengea Kenya jina. Avtar Singh Sohal, beki na nahodha, alishiriki Olimpiki nne mfululizo, kuanzia Roma 1960 hadi Munich 1972. Katika Olimpiki ya Tokyo 1964 Kenya ilimaliza ya sita ulimwenguni. Kisha katika Kombe la Dunia la kwanza, mjini Barcelona mwaka 1971, tulimaliza wa nne. Naam, wa nne!

Halafu likaja zulia. Kuanzia Olimpiki ya Montreal mwaka 1976, hoki ya kimataifa iliacha nyasi za Mungu ikahamia kwenye nyasi bandia, ambazo mpira huteleza juu yake kama sabuni kwenye sakafu. Nchi tajiri zilitandika mazulia kila mji. Kenya ilitandika moja City Park, Nairobi, kwa ajili ya Michezo ya Afrika ya 1987, ambayo wanaume wetu walishinda na kupata tiketi ya Olimpiki ya Seoul 1988. Wakati huo huo mchezo wenyewe ulikuwa umehama. Vijana wa shule za Magharibi, Nyanza na Bonde la Ufa waliuchukua wakaufanya wao, lakini zulia halikuwafuata.

Sasa fikiria kipa wa Bungoma. Anajifunza kwenye nyasi ambazo asubuhi zimelishwa ng'ombe wa mwalimu mkuu. Mpira ni mgumu kama jiwe, na njiani unakutana na mzizi, na kwato la juzi, na kichuguu cha fuko. Unaruka kama panzi. Kipa wa namna hii hajifunzi kuamini macho yake, hujifunza kuomba. Nakuomba ukiweke hicho kichuguu akilini, kwani tutakirudia.

NILICHOKISEMA

Ilikuwa Machi 2018, muhula wa kwanza, ambao ndio muhula wa hoki. Mpwa wangu alikuwa kidato cha tatu na kipa wa shule yake, ambayo sitaitaja kwa sababu haina hatia katika kisa hiki. Mechi ilikuwa ya muondoano. Hapakuwa na marudiano wala kuhesabu pointi. Anayeshindwa anapanda basi. Dakika zote zikaisha moja kwa moja.

Wenzetu wa Marekani na Kanada, ambao hoki yao huchezwa juu ya barafu, huupunguza ukatili huu. Katika mechi zao za muondoano za kuwania Kombe la Stanley, timu mbili hukutana hadi mara saba, na anayetangulia kushinda nne ndiye anayesonga. Ukiteleza leo, kesho kutwa unajaribu tena. Lakini usidhani wamepona kabisa. Machi 1936, huko Montreal, Detroit na Maroons walicheza muda wa kawaida bila bao, wakaongezewa muda wa ziada mmoja, wa pili, wa tatu, mpaka wa sita. Bao lilipatikana mwendo wa saa nane na dakika 25 usiku. Kipa Lorne Chabot wa Maroons alikuwa amelinda lango kwa karibu dakika 176 za mchezo, yaani zaidi ya muda wa mechi mbili za kawaida, akafungwa mara moja, na kitabu kinaonyesha alishindwa.

Turudi Bungoma. Mikwaju minne ya kwanza ikaenda mbili kwa mbili. Mchezaji wetu wa tano akapaisha. Mchezaji wao wa tano akaja, mpwa wangu akatoka kumkabili vizuri, akamsukuma pembeni, sekunde zinakwisha, yule kijana akapiga mkwaju dhaifu wa kukata tamaa. Mpira ulikuwa unajiendea polepole. Mpwa wangu akaweka gongo chini kuuzuia. Ukagonga udongo, ukaruka juu ya gongo, ukaingia ndani taratibu kama mgeni aliyekaribishwa.

Nilikuwa nyuma ya lango, hatua tano hivi. Mbele ya shule nzima, na sauti yangu mnaijua nyinyi mnaoketi karibu nami viwanjani, nikapiga kelele: "Wewe si kipa, wewe ni mlango!"

Watu wakacheka, nami, lo, nikafurahi kwamba wamecheka.

Kwa msomaji asiyejua mila za Wabukusu, hapa sharti nieleze kidogo. Mjomba, tunayemwita khocha, si mtu wa kupita. Mvulana anapokaribia kutahiriwa, kila Agosti ya mwaka unaogawanyika kwa mbili, huenda kwa mjomba wake, ng'ombe huchinjwa, na mjomba humvika shingoni luliki, kipande cha nyama ya kifuani, kama baraka ya kwenda kukikabili kisu bila kupepesa jicho. Mimi ndiye niliyemvika kijana huyu luliki mwaka 2014. Mikono iliyombariki ilikuwa hii hii niliyoitumia kufanya tarumbeta mdomoni ili kejeli yangu ifike mbali.

Juma lile lile jina likamganda. Bwenini, mesini, hata ubaoni: Mlango. "Funga Mlango, baridi inaingia." Mwezi wa Aprili dada yangu akanipigia simu. Hakunisalimu. "Ndugu yangu, mtoto amerudisha mapedi. Anasema hachezi tena kitu chochote kinachotazamwa na watu."

Nilimwambia ni utoto, utapita. Akaniambia nimsikilize vizuri: niliyevunja ni mimi, na atakayegundisha si yeye.

NG'AMBO YA MALABA

Ndivyo ilivyokuwa kwamba likizo ya Agosti mwaka ule nilijikuta kwenye foleni ya mpaka wa Malaba na kijana asiyenisemesha. Tulikuwa tunaenda kumtembelea jamaa yetu Kampala. Mpwa wangu hakuwa na kitambulisho, hivyo alibeba cheti cha kuzaliwa na barua. Afisa alikitazama cheti, akamtazama kijana, akakitazama cheti tena. Hapo nikakumbuka hadithi ya vijana wa Uganda na besiboli, nikamsimulia ili tu pawe na sauti. Hebu nikusimulie nawe.

Kwanza, besiboli ni nini? Kama ulisoma shule ya msingi ya Kenya, nusu yake unaijua. Ni raunda iliyovaa suruali. Mmoja anarusha, mmoja anapiga kwa gongo, kisha anakimbia kuzunguka vituo vinne kabla mpira haujamwahi. Mpigaji akikosa mara tatu, nje. Watatu wakitoka, timu zinabadilishana. Watu wazima huwa na zamu tisa kila upande, watoto sita. Saa ya kuhesabu dakika haipo. Mwaka 1981, huko Pawtucket nchini Marekani, mechi moja ya ligi ndogo iliendelea mpaka saa kumi za alfajiri ya Pasaka, ikasimamishwa wakiwa wamebaki watazamaji 19, ikamaliziwa Juni. Jumla zamu 33. Wale 19 ningependa kuwafahamu.

Sasa, mwaka 2011 watoto wa Uganda wasiozidi umri wa miaka kumi na mitatu walishinda mashindano ya eneo lao na kufuzu kwenda Marekani, kwenye michuano ya dunia ya watoto ya Little League. Hakuna timu ya Afrika iliyokuwa imewahi kufika hapo. Wakanyimwa viza kwa sababu vyeti vyao vya kuzaliwa na maelezo yao havikulingana. Mechi yao ya kwanza ilikuwa iwe dhidi ya watoto wa Langley, Kanada. Unajua wale Wakanada walifanya nini? Januari 2012 walipanda ndege wakaja Kampala kucheza mechi ile iliyopotea. Uganda ikashinda 2 kwa 1.

Agosti mwaka huo huo timu ya Lugazi ilifuzu tena, na safari hii karatasi zikakubali. Wakawa Waafrika wa kwanza kucheza katika mashindano yale, na wakaifunga timu ya Gresham, Oregon, 3 kwa 2. Mwaka 2015 vijana wa Mpigi waliilaza Jamhuri ya Dominika, nchi ambayo watoto huzaliwa na glavu mkononi, 4 kwa 1. Baadaye, mwaka 2022, klabu kubwa ya Pittsburgh Pirates ikamsajili Mganda David Matoma, na Dodgers wa Los Angeles wakawasajili Ben Serunkuma na Umar Male. Hao ni vijana wa huku huku kwetu, msomaji. Ukisimama Malaba, Lugazi iko karibu nawe kuliko Nairobi.

Mpwa wangu alisikiliza mpaka mwisho, akauliza swali lake la kwanza tangu Bungoma: "Sasa Khocha, tunaweza kwenda kuwaona?"

DAFTARI LA MPIGI

Mpigi iko magharibi mwa Kampala, kwenye barabara ya Masaka. Huko Mmarekani mmoja, mhandisi mstaafu aitwaye Richard Stanley, alijenga viwanja vya besiboli na shule. Jamaa yetu alitupeleka Jumamosi, tukakuta mechi ya kawaida ya watoto. Hapakuwa na kombe wala kiingilio. Udongo mwekundu, nyasi, jua, na wazazi wachache chini ya mwavuli.

Nakiri kwamba nusu saa ya kwanza nilichoka. Shabiki wa muondoano amezoea kulishwa pilipili, na besiboli ni uji. Mrushaji anajikuna, mpigaji anajikuna, wanatazamana. Baadaye kidogo ndipo nilipoanza kuona kinachoendelea: yule mdakaji aliyechuchumaa akitoa ishara kwa vidole, wale wa nyuma wakisogea hatua mbili kushoto kabla mpira haujarushwa. Mpwa wangu alikwisha kuyaona hayo kitambo. Makipa hutazama mambo kwa namna yao.

Kando yetu aliketi mwalimu wa kike na daftari kubwa, akiandika baada ya kila mpira. Kijana akamwuliza, "Madam, unaandika nini?" Akamsogezea. Lilikuwa limejaa visanduku, na ndani yake nambari na herufi. Kila mchezaji ana nambari ya nafasi yake, na kila kitu kinachotokea kinaingia. Mwisho wa mechi kila timu huandikiwa hesabu tatu: pointi, mapigo, na makosa.

"Makosa?" mpwa wangu akauliza. "Mnayahesabu?"

"Yote. Hapa, huyu wa nambari sita aliangusha. Nimeweka E na sita."

Tukamtazama huyo wa nambari sita. Alikuwa mtoto mwembamba mwenye kofia iliyomzidi, bado amesimama pale pale, akipiga ngumi glavu yake akingoja mpira mwingine. Hakuna aliyemtoa. Kocha wake alikuwa akila muwa. Zamu iliyofuata mtoto yule alikwenda kupiga, akakosa mara tatu, akarudi benchi. Mwalimu akatuambia mpigaji mzuri wa kulipwa, huko Marekani, hufaulu mara tatu hivi katika kumi, na kwa hizo tatu hulipwa mamilioni.

Kisha mpira mmoja ukapigwa chini, ukaenda moja kwa moja kwa yule yule wa sita. Aliinama vizuri kabisa. Mita moja kabla ya glavu mpira ukagonga kitu, ukaruka juu ya bega lake, mkimbiaji akafika nyumbani.

"E sita tena," mpwa wangu akasema kwa sauti ndogo.

"Hapana," mwalimu akajibu huku akiandika. "Umegonga kichuguu. Mpira ukiruka vibaya namna hiyo, hatumwandikii mlinzi kosa. Hilo ni pigo la mpigaji."

"Hata kama pointi imeingia?"

"Pointi imeingia. Kosa halipo."

Mpwa wangu hakunitazama. Ningependelea anitazame. Alikaza macho kwenye kile kisanduku kama mtu anayesoma barua, na mimi nikajifanya naangalia mawingu juu ya barabara ya Masaka, ambayo hayakuwapo.

Timu ya nambari sita ilishindwa. Walipanga mstari, wakapeana mikono, wakaenda kumsaidia kocha kumaliza muwa.

Tuliporudi, foleni ya malori Malaba ilikuwa imefika mbali. Tulishuka tukaanza kutembea kandokando yake na mizigo yetu. Kati ya lori la saruji na lori la mafuta nikamwambia kijana kwamba siku ile nilikuwa karibu na lango kuliko mtu yeyote, na kwamba nilikiona kichuguu. Nilikiona kabla sijafungua mdomo. Hilo sikuwa nimemwambia mtu, hata dada yangu.

Alitembea malori mawili zaidi. "Nilijua uliona," akasema. "Ndiyo maana nilirudisha mapedi."

Sikuwa na jibu, na sina mpaka leo.

Muhula wa kwanza wa 2019 alikuwa kidato cha nne. Dada yangu alinipigia kuniarifu kwamba mapedi yametoka stoo, akaongeza kwamba nikija nije na kifuli cha mdomo. Nilikwenda na daftari la shule la kurasa 48, la mistari, nililolinunua dukani Kitale asubuhi ile. Nilisimama pale pale nyuma ya lango. Wenzake bado walimwita Mlango, ila sasa walikuwa wakimshangilia kwa jina hilo, na yeye aligonga mlingoti kwa gongo kila walipoimba. Kumbe vijana nao wana njia zao za kugundisha.

Walifungwa mawili kwa moja. Msimu ukaisha hapo hapo, na hoki yake ya shule pia, kwani kidato cha nne hakina muhula wa kwanza mwingine, na zulia la karibu liko mbali.

Alikuja akiburuta mfuko wa mapedi, jasho likimtiririka, akanyoosha mkono kutaka daftari.

"Umeandika makosa mangapi, Khocha?"

"Moja. La kwanza uliteleza. La pili lilikuwa kali, hakuna ambaye angelizuia."

Akasoma, akaomba kalamu, akalikata la pili na kuandika E juu yake.

"Hili ningelizuia," akasema. "Nilichelewa kutoka."

Nikamchukulia mfuko, tukaenda stendi.